Sukuma ya Maji Saba

Mwaka umezunguka, Mama, tangu ulipotuacha asubuhi ile ya Januari hapa Sparta, Georgia. Tunakuandikia sisi wanao, na tutasema kweli, maana wewe hukupenda maneno ya kupakwa asali.

Ulikuwa mkarimu mpaka unatukera. Jirani akikohoa tu, umeshamfunikia bakuli la sukuma. Ulingoja baridi ya kwanza iyapige majani ndipo uyachume, ukayaosha maji matatu, ukayapika taratibu na mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi mpaka nyumba nzima inanukia. Kanisani watu hawakuonja sukuma ya mtu kabla ya kuuliza, "Hii kaosha nani?" Wakisikia ni Dada Ozella, foleni yote inahamia kwako. Hilo ndilo lililokuwa jina lako mjini.

Ndiyo maana inatuuma hivi. Mwaka Mpya ule, wiki tatu kabla hujafa, meza ilijaa: kunde, mkate wa mahindi, sukuma yako katikati, mchungaji na mkewe kwenye viti vya mbele. Verdell, kifungua mimba wako, akatia tonge mdomoni. Kru! Akatema kwenye kitambaa.

"Mama! Mchanga wote huu? Unatulisha shamba?"

Watu wakacheka. Mjomba Cleophus, kaka yako, akapiga na meza kabisa. Sisi wengine nasi tulicheka, tusijifanye watakatifu leo. Wewe ulifuta mikono kwenye aproni ukasema, "Basi acheni, wanangu. Msile." Verdell akainuka, akaimwaga sufuria nzima kwenye ndoo ya taka mbele ya macho yako.

"Mwakani napika mimi," akasema. "Wewe sasa pumzika."

Ukapumzika kweli. Hukuwasha jiko tena.

Siku ya mazishi, Mama Mdogo Ernestine alimvuta Verdell kando.

"Nilikuwa naye jikoni siku ile. Aliosha maji saba, mwanangu. Saba! Sukari ilishamtia ganzi vidoleni, macho nayo ndiyo hayo. Kila akimwaga maji ananiuliza, 'Tina, mchanga bado upo?' Namwambia haupo, na mimi mwenyewe sioni vizuri."

"Mbona hakusema?"

"Angesema saa ngapi? Si mlikuwa mnacheka."

Tangu siku hiyo Verdell hakugusa sukuma. Akiikuta sokoni, anageuza uso. Nasi hatukuwahi kumwambia "si kosa lako", kwa sababu na sisi tulikuwa mezani.

Mwaka Mpya huu akaishika sufuria yako. Hakutaka msaada wa mtu. Aliosha maji matatu, akaongeza ya nne, ya tano, mpaka vidole vikafa ganzi kwa baridi ya maji. Kila jani aliliinua dirishani kulitazama. Ilipopakuliwa, Mjomba Cleophus ndiye aliyeanza.

Kru!

Sote tulisikia. Verdell akasimama, uso umemshuka, mkono tayari uko kwenye sufuria.

"Kaa chini, mpwa wangu," Mjomba akasema, akameza. "Nipe na mchuzi wake nichovye mkate."

Tukala. Kru huku, kru kule, na hakuna aliyetema. Mama Mdogo akaomba tena. Verdell alikuwa akitafuna huku machozi yanamwagika kwenye sahani.

"Kumbe inamezeka," akasema. "Jamani, kumbe inamezeka!"

Tuliimaliza sufuria mpaka chini, Mama, kama tulivyopaswa kuimaliza ya kwako.

Tusamehe. Unakumbukwa na wanao Verdell, Lucius na Arneatha. Mdogo wako Ernestine. Kaka yako Cleophus, ambaye siku hizi hacheki mezani. Wajukuu zako, na waumini wenzako wanaouliza mpaka leo sukuma kaosha nani.

Hutatutoka moyoni, Mama, daima.