Karatasi Niliyoibandua Kiooni

Ibra, Oman

Baba yangu,

Shikamoo. Natumai goti limepoa na sasa unaweza kuingia uvunguni mwa gari bila kuita watu waje wakuvute. Mama je, presha imeshuka? Mimi mwili ni mzima. Juzi kwenye simu nilisema mambo shwari kwa sababu mama alikuwa kando yako. Si shwari, baba. Ndiyo maana nampa barua hii mwenzangu wa chumbani anayerudi Tanga likizo.

Unajua kazi yangu hapa ni kuosha na kung'arisha magari mapya kabla wateja hawajayaona. Kila gari lina karatasi kiooni inayoonyesha linakula mafuta kiasi gani, na sheria inataka ikae hapo mpaka gari liuzwe. Waundaji nao wamebanwa wapunguze mafuta, basi magari mengi yanakuja na matairi membamba na pua iliyozibwa isipitishe upepo. Wateja wakiyaona wanakunja uso. Wao wanataka gari lenye kifua.

Mwezi uliopita tulipokea mawili meupe ya aina moja. La kwanza jembamba, la kubana matumizi. La pili limevishwa rimu kubwa, matairi mapana na keria juu ya paa. Nikafanya ulivyonizoesha gereji kwako: kioo kwanza, kisibaki hata alama ya kidole. Nikabandua karatasi zote mbili, nikasugua mpaka nikajiona, kisha nikazirudisha. Nilizirudisha kinyume, ya hili kwa lile. Sikuzisoma, baba, nilikuwa nashangilia kioo.

Kesho yake akaja Mwalimu Raiya na mama yake, Bi Zuwena, mzaliwa wa Unguja. Mwalimu anafundisha mji wa Sur na alikuwa akirudi Ibra kila siku, safari ndefu, kwa kuwa mama yake hawezi kuinuka bila kushikwa mkono. Alitaka gari la mafuta kidogo. Bi Zuwena aliposikia Kiswahili changu alifurahi, akanishika bega.

"Mwanangu, hilo jembamba limekaa kama limenuna. Hili jengine ndo gari, wallahi."

Mwalimu akasoma karatasi, akacheka. "Yaani nzuri, na mafuta kidogo? Hii iko sawa, Hamadi?"

"Sawa kabisa, Mwalimu," nikajibu, tena kwa majivuno. Wakalinunua siku hiyo hiyo.

Wiki iliyopita alirudi peke yake, amechoka. "Hamadi, gari hii inakunywa, wallah. Siwezi kurudi kila siku. Sasa nalala Sur, mama namwona wikendi tu, kuanzia Alhamisi jioni. Jirani ndo anamwinua."

Alipoondoka nikaenda kwenye lile jembamba, maana halijapata mnunuzi mpaka leo. Nikasoma karatasi yake neno kwa neno. Ilikuwa ya lile la rimu kubwa.

Nikamweleza meneja. Hakunifokea. Aliibandua ile karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni. "Khalas, yameisha," akasema, "na ukifungua mdomo, kumbuka mkono uliobandika ni wako."

Ijumaa baada ya sala nikaenda nyumbani kwa Mwalimu. Bi Zuwena akanisogezea halwa na kahawa kabla sijasema lililonileta, nami nikaona haya hata kuigusa. Nikawaambia yote. Mwalimu aliinamisha kichwa. Bi Zuwena ndiye aliyelia.

"Kumbe siku zote hizi namlaumu mwanangu bure," akasema. "Nasema Raiya kanichoka, katafuta sababu ya kunikimbia."

Baba, nilitamani sakafu inimeze.

Mwalimu akaniomba niandike yaliyotokea na kutia sahihi, ili adai abadilishiwe gari. Nimeandika. Kesho anaipeleka ofisini, na viza yangu iko mikononi mwa hao hao wa ofisini. Naogopa, sikufichi.

Nisalimie mama, lakini haya usimsomee bado. Msalimie dada Mwanahawa na cherehani yake, na mjomba Kombo muuza spea, mwambie zile rimu kubwa anazozisifu nimezikinai. Na wewe, ukipata gari jipya, soma karatasi kabla hujaibandua.

Wakinirudisha nikabisha hodi bila taarifa, nifungulie tu. Usiniulize nimeiba nini.

Mwanao anayekuheshimu,
Hamadi