Bomba Linalosubiri Salamu

Mama yangu mpenzi, shikamoo. Mlima ulio kwenye picha ni Hanang. Mimi niko chini yake, Endasak, nashiba makande na kutetemeka kwa baridi.

Leo nilimsindikiza mwenyeji wangu, Mama Safari, kuchota maji. Bomba la hapa ni la kisasa: unaligusisha chipu ya malipo, maji yanatoka, ukiiondoa, yanakatika, yasipotee bure kiangazi hiki. Sasa kila anayefika anamwamkia, "Shikamoo, mama!" Naye kumpa mtu mkono mmoja anaona ni dharau. Anaondoa chipu, anatoa mikono yote miwili, anauliza habari za watoto, za ng'ombe, za maharage. Maji kimya! Ndoo moja imechukua asubuhi nzima.

Nikamwambia, "Mama, nipe chipu nikushikie." Akacheka.

"Zamani tulisalimiana hivi hivi, maji yakamwagika mpaka tangi likakauka. Sasa acha yenyewe yatusubiri."

Basi nikaweka ndoo yangu chini, nikaanza kusalimia foleni nzima.

Nimekukumbuka sana, Mama. Wasalimie wote hapo nyumbani, kwa mikono miwili.

Binti yako,
Zuhura