Rupia ya Chini ya Mizani

Jumanne, Igoma

Oya Mzee Kimya, daftari langu, leo usinicheke.

Ile rupia ya fedha ya Mjerumani nimeikagua tena kwa kamera ya simu. Masharubu ya yule mfalme wao aliyechorwa juu yake bado yanahesabika. Video zote nilizoangalia zinasema masharubu yakionekana hivyo, itume nje kwa wataalamu waipe daraja. Gharama yake ni mauzo ya dagaa ya shangazi ya wiki nzima, na ikipewa daraja la chini, imekula kwetu.

Shida, shangazi ameifunga kwa mpira wa baiskeli chini ya sahani nyepesi ya mizani yake, ili sahani zilingane. Leo sokoni nikamweleza kila kitu, hadi kwamba inarudi imefungiwa kwenye kiboksi cha plastiki.

"Yaani nilipe watu wanifungie hela yangu?"

"Ndiyo thamani inapanda, shangazi."

"Basi na wewe nikufungie. Labda utapanda."

Wateja walicheka mpaka mmoja akasahau mfuko wake wa dagaa. Halafu shangazi akaifungua rupia, akaweka nati mahali pake, akanipa.

"Umejifundisha mwenyewe, amua mwenyewe. Hela ya kutuma nitatoa."

Hapo ndipo nikaanza kuogopa. Angekataa ningelala vizuri. Kusema kweli sijui kama natafuta thamani ya rupia, au nataka tu mtaalamu mmoja aseme sikukosea. Na kwa hilo tu, jasho la shangazi...

Wewe ungeituma, au ungemrudishia kesho asubuhi?