Mlima Niliopaka Rangi Kabla ya Kuuona

Majengo, Nyeri
Jumatano asubuhi

Kwako Baba,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimevaa sweta mbili na soksi za Bi Hadija, mwenye nyumba wangu, lakini mwili ni mzima, alhamdulillahi, na leo moyo umezidi uzima. Natumai goti lako limetulia na kwamba Mama ameacha kupanda juu ya stuli kutundika mapazia. Huku wanaolalamika ni vidole vyangu tu, kwa baridi.

Najua simu zipo. Lakini kwenye simu, Baba, ukisikia neno "picha" tu unasema, "Haya, zungumza na mama yako," na Mama habari yangu ataifikisha kwako nusu. Ndiyo maana nimeamua kuandika. Bahasha hii naipeleka ofisi ya basi leo hii, na ndani yake kuna picha ndogo. Tafadhali usiitazame kwanza. Soma.

Unakumbuka uliyoniambia nilipokuwa nafunga mkoba? Ulisema kupaka rangi picha ya zamani ni kumtilia marehemu maneno mdomoni. Wewe uliyeandika kwa mkono mabango ya nusu ya maduka ya Malindi, ukaniambia fundi hupaka kitu kilicho mbele yake, hapaki kitu asichokiona. Kisha ukaniambia Ami Salim ananiwekea nafasi ofisini kwake Mombasa mpaka mwisho wa mwezi huu, na nisipotokea anampa mtu mwingine. Mwisho wa mwezi ndio huu umefika. Nataka ujue yaliyonipata kabla hujakasirika.

Studio yetu ni ya Nyawira, msichana wa rika langu, mcheshi, haishi kusema. Watu hutuletea picha za rangi nyeusi na nyeupe, tunazitia kwenye kompyuta na kuzipa rangi. Mashine yenyewe hubahatisha tu: udongo wa Nyeri inaufanya kahawia iliyopauka, majani inayafanya ya nchi za watu. Kazi ya mkono inaanzia hapo, na hiyo ndiyo kazi yangu.

Basi akaja Mzee Githinji. Ni mwalimu mstaafu, anajenga nyumba ya wageni karibu na Kiganjo. Marehemu kaka yake alikuwa na kamera zamani, na tofauti na watu wote, hakupiga picha za harusi wala za watoto. Alipiga nchi: mlima, mashamba, mito. Zimebaki picha sita, na Mzee anazitaka kubwa, zenye rangi, kwa ukuta wa chumba cha kulia. Akasema tufanye moja kwanza, akiipenda zote ni zetu. Alipotoka Nyawira akanigeukia.

"Zuhura, ukiweza hii, nakupa contract ya mwaka. Ukishindwa, napeleka Nairobi, sina otherwise."

Sasa sikiliza kosa langu. Tangu nifike mwezi wa sita, mlima nilikuwa sijauona. Miezi hii huku ni ukungu na manyunyu tu, mawingu yamekalia mabati. Nimeishi chini ya Mlima Kenya kama mtu mwenye jirani asiyefungua mlango. Na picha ya kwanza ilikuwa ya mlima huo huo, umesimama nyuma ya mashamba, mbele kuna vibanda vitatu vya nyasi, nyumba moja ya mabati na kijia kinachopanda.

Nyawira, ambaye amekulia Nairobi na mlima anaujua wa kwenye kalenda, alikuwa amesikia kwamba huonekana asubuhi mapema kabla mawingu hayajapanda. Nikasema basi, hii ni asubuhi. Na asubuhi mimi naijua! Kwetu jua likitoka linapiga kuta za mbele na kila kitu kinakuwa waridi. Mlima kwenye picha ulikuwa mweusi, nikadhani mpigapicha alikosea mwanga. Nikamsahihisha, Baba. Nikauangaza mlima wote, nikaupaka waridi kutoka kileleni mpaka chini, theluji nikaitia dhahabu. Siku tano nzima nilikuwa juu ya kazi hiyo, na Nyawira akanipigia makofi.

Jumamosi tukaipeleka Kiganjo. Mzee Githinji alikuwa na mkewe, mama mtu mzima ambaye kila mtu anamwita Cucu, yaani bibi, pamoja na jirani mmoja aliyekuja kunywa chai. Nikaifunua picha. Cucu akaisogelea mpaka pua ikakaribia kuigusa.

"Hii mlima yako imeamka upande gani?"

"Ni asubuhi, Cucu."

"Ati asubuhi? Asubuhi ya wapi?"

Jirani akaangua kicheko mpaka chai ikamwagika. "Hiyo ni asubuhi ya Chuka, upande ule mwingine wa mlima! Sisi hapa jua inatoka nyuma ya mlima. Saa hiyo mlima iko nyeusi, haina maua maua!"

Mzee Githinji hakucheka, na hilo ndilo lililoniumiza. Akaniuliza kwa upole, "Msichana yangu, wewe umewahi kuona hii mlima kweli?"

Nikasema hapana.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Maana si wewe uliyenifundisha, kabla sijafungua kopo lolote la rangi, niulize mwanga unatoka wapi? Picha ya yule marehemu ilikuwa imesema kweli tangu mwanzo, mlima mweusi na jua nyuma yake, nami nikaja na ujuaji wangu wa pwani nikaigeuza. Nilikuona umesimama hapo mlangoni, mikono nyuma, huna hata haja ya kusema. Nyawira alikuwa ameshaanza kuomba radhi na kutaja fundi wa Nairobi.

Nikamkatiza. Nikamwomba Mzee wiki moja. Akanitazama, akasema, "Mimi sitaki rangi nzuri. Niko na kalenda ya rangi nzuri. Mimi nataka kwetu. Njoo ukae hapa mpaka uone. Ukiona, paka. Usipoona, wacha."

Kuanzia kesho yake nikawa natoka baada ya sala ya alfajiri, nimevaa koti la marehemu mume wa Bi Hadija linalonifika magotini. Boda inanipeleka Kiganjo, tunawapita makuruta wa chuo cha polisi wakikimbia na kuimba, nafika kwa Cucu meno yanagongana. Siku ya kwanza ukungu. Siku ya pili ukungu. Siku ya tatu mvua kabisa. Hapo nilikata tamaa kidogo, nakwambia kweli, nikawaza ofisi ya Ami Salim na kiti chake kikavu.

Lakini siku hizo hazikupotea. Cucu husuka vyondo, vile vikapu vya nyuzi vya kina mama wa huku, na ana kapu zima la nyuzi za kila rangi. Siku ya pili nilimuuliza udongo wa kijia ulikuwa mwekundu namna gani. Akahangaika kutafuta neno la Kiswahili, akaliacha, akaingia ndani na kapu lake. Akavuta uzi mmoja, akaulaza juu ya kijia kwenye picha.

"Ni hii. Mvua ikinyesha, inakuwa hii," akavuta mwingine.

Baba, nilirukaruka kama mtoto! Nikamuuliza kila kitu. Hapa ambapo nilikuwa nimepaka majani ya chai, akanicheka, chai ilikuja baadaye sana. Ilikuwa njahi, yale maharagwe yao meusi ambayo mama aliyejifungua lazima apikiwe, na siku ya kupigwa picha yalikuwa yametoa maua. Aliyajua kwa jinsi yalivyosimama. Akalaza uzi wa zambarau. Miti ya pembeni uzi wa kijani kilichofifia, moshi wa jikoni uzi wa manyoya ya kondoo ambao haujatiwa rangi. Tulipomaliza, picha nzima ilikuwa imefunikwa nyuzi.

Ila mlango wa ile nyumba ya mabati uliwashinda. Cucu alisema ulikuwa wa buluu. Mzee akasema ulikuwa mbao tupu. Wakagombana kwa Kikuyu mpaka chai ikapoa, na kila mmoja akaapa kwamba mwenzake amezeeka.

Siku ya nne nilikuwa nimesimama nyuma ya banda la ng'ombe, Cucu akaniita kwa kelele kama nyumba inaungua. Nikageuka. Ulikuwa pale! Sijui nikwambieje. Nilikuwa naangalia chini sana siku zote, mlima uko juu kuliko nilivyodhani, unaanzia pale ambapo mimi nilimaliza mbingu. Nyuma yake kulikuwa na manjano kama ya ganda la embe, na wenyewe ulikuwa buluu nzito, karibu nyeusi, kama sweta za shule. Theluji haikuwa nyeupe hata kidogo, ilikuwa kijivu. Kisha jua likachungulia pembeni ya vilele na ukingo mzima ukawaka mstari mwembamba, mwembamba kabisa. Nililia, Baba, na Cucu akanishika mkono. Ulidumu kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, halafu mawingu yakapanda.

Nilirudi mjini mbio. Nyuzi za Cucu nikazilaza kwenye skana, Nyawira akapiga kelele, "Wewe! Umeweka uzi kwa mashine yangu?" Lakini alipoona rangi zinatokea kwenye kompyuta zilivyo, akanyamaza, na Nyawira kunyamaza si jambo dogo. Nikapaka kila kitu upya. Mlango sikuugusa. Nikauacha ulivyokuwa kwenye picha ya marehemu, kijivu.

Jumamosi iliyopita Mzee Githinji aliitazama picha mpya kwa muda mrefu, kofia mkononi. Akasema kwamba kaka yake lazima alisimama karibu na zizi kabla ya kukamua, kwa sababu ng'ombe wakikamuliwa jua huwa limeshapanda juu ya vilele. Hakuwahi kujua hivyo mpaka siku hiyo. Kisha akaweka kidole kwenye mlango.

"Hapa hukupaka."

"Nyinyi hamkukubaliana, Mzee, na mimi sikuwapo."

Akacheka sana. Akamgeukia Nyawira akasema, "Mpe zote tano."

Nimefurahi, Baba, nimefurahi mpaka najicheka barabarani. Picha inayofuata ni ya Mwea, mashamba ya mpunga yamejaa maji, na nitakwenda kukaa na wakulima wa huko mpaka wanionyeshe maji hayo yana rangi gani. Kuna moja ya Kerugoya pia. Sasa unaweza kuitoa picha kwenye bahasha. Itazame dirishani, na uanze kwa kuuliza mwanga unatoka wapi.

Nisalimie Mama, mwambie koti linanitosha. Msalimie Shangazi Rukia, mpika vitumbua wetu, na nyanya yangu mzaa mama ambaye najua atasomewa barua hii mara tatu. Fatma, mdogo wangu, aende yeye kwa Ami Salim. Nafasi ile ameitamani kuliko mimi tangu mwanzo, ila hamjamuuliza.

Bado kuna neno moja, na nimelizungukia barua nzima. Mkataba wa Nyawira ni wa mwaka mmoja, nami niliutia sahihi juzi Jumatatu, kabla ya kukuuliza. Ruhusa nimejipa mwenyewe, Baba. Radhi siwezi kujipa. Hiyo naiomba kwako.

Mwanao anayekupenda,
Zuhura