Asilimia Themanini na Moja Nukta Nne

Jumatatu, 8 Septemba

Nimepata kazi! Ya wiki mbili tu, lakini baada ya miaka mitatu ya kukaa nyumbani na stashahada ya takwimu, wiki mbili ni nyingi. Mdodosaji wa maoni ya wananchi. Kampuni ya Dar. Msimamizi ni Johnson — tulisoma naye sekondari, alikuwa ananakili hesabu zangu. Leo ananifundisha mimi kuhesabu watu. Haya.

Mafunzo yamefanyika Nyanga. Kila mtu kapewa kishikwambi. Maswali ishirini, lakini linalotakiwa hasa ni la kumi na nne: kama uchaguzi wa mbunge ungefanyika leo, ungempigia nani? Mchana tukajaribu kwenye nyumba za jirani. Baba wa kwanza akashtuka, kwani uchaguzi umesogezwa uwe leo? Nikamwambia hapana, ni "kama". Akasema ikiwa ni kama, basi angempigia marehemu baba yake. Nikabonyeza "Mengineyo".

Jumanne, 9 Septemba

Nimemweleza mama kazi yenyewe. Kauliza: wakishajua nani atashinda, sisi tutapiga kura ya nini? Nikasema hii ni sayansi. Akaendelea kumenya ndizi.

Jumatano, 10 Septemba

Kijijini, pembezoni mwa jimbo. Vumbi mpaka kwenye nyusi.

Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mushumbusi, kakataa nizunguke peke yangu. Eti kwa usalama wangu. Kavaa kofia yenye picha ya Mheshimiwa Rwegasira, mbunge wetu, anayetetea kiti chake. Nyumba kumi na moja, Rwegasira kumi na moja! Nauliza mimi, watu wanajibu wakimtazama Mzee. Mmoja kajibu kabla sijauliza.

Swali la kumi na tano: mbunge amefanya jambo gani kubwa? Mwenye nyumba akamgeukia Mzee. Mzee akamsaidia: "Barabara." Barabara ipi? Bodaboda yetu ilinasa humo humo mara mbili.

Alhamisi, 11 Septemba

Mzee Mushumbusi kaenda msibani. Mungu amrehemu marehemu — lakini siku imekuwa nzuri!

Ma Evodia alikuwa anaanika kahawa uani. Jana mumewe alinijibu Rwegasira.

"Yule mzee yuko wapi?"

"Hayupo, mama."

"Waitu, afadhali! Kaa. Andika Kyaruzi. Na mume wangu mwandike Kyaruzi, jana aliogopa."

Nikamwambia siruhusiwi kumjibia mtu. Akamwita mumewe kutoka kibanjani, kwenye migomba. Mume akaangalia njia kwanza, juu na chini. Akauliza kama mashine inaandika majina. Haiandiki. "Basi jana nilikosea," akasema.

Nikarudia nyumba zote kumi na moja. Sita wamekosea jana.

Jumamosi, 13 Septemba

Kyaruzi, mpinzani wa Rwegasira, ni mwalimu mstaafu. Anafanya kampeni kwa baiskeli. Leo nimekutana na wafuasi wake stendi, vijana tisa, moto kabisa. Wamegoma kujibu. Tafiti zote ni uongo, wanasema.

"Msipojibu mtahesabiwa kuwa hamjaamua."

"Sisi tumeamua!"

"Mmeamua nani?"

"Hatujibu!"

Tisa: hawajaamua.

Jumatatu, 15 Septemba

Siku ya ajabu. Niandike taratibu.

Asubuhi Johnson kanionyesha jumla ya wadodosaji wote. Watu mia sita na kumi na wawili. Rwegasira thelathini na sita kwa mia. Kyaruzi thelathini na tatu. Waliobaki, thelathini na moja, hawajui au hawasemi. Na bado vijiji viwili hatujafika!

Saa saba niko mgahawani, matoke mdomoni, redio inasema: utafiti wa kisayansi jimboni waonesha Mheshimiwa Rwegasira anaongoza kwa asilimia themanini na moja nukta nne.

Ile nukta nne ndiyo iliyoniuma. Mwongo wa kawaida husema themanini.

Nikampigia Johnson.

"Hayo ni matokeo ya awali, Nuriat."

"Ya awali kabla ya nini?"

"Kabla ya matokeo."

Halafu akashusha sauti. Jumamosi kuna uzinduzi rasmi ukumbini, mjini Bukoba. Nitasoma mimi. Nina stashahada, nina sauti, na mimi ni mtoto wa hapa Hamugembe, watu wataniamini. Nikisoma vizuri kuna kazi ya kudumu Dar. Jina langu limeshachapwa kwenye bango: Mtaalamu Nuriat.

Ya kudumu! Sijala tena matoke.

Jumatano, 17 Septemba

Vijiji viwili vya mwisho. Njiani nimemkuta Mzee Mushumbusi analima maharage, bila kofia. Nikamwamkia, nikamuuliza kwani kampeni vipi. "Themanini na moja, binti! Kazi imekwisha." Wapiga debe wote wamerudi makwao. Jana Mheshimiwa alihutubia viti.

Wafuasi wa Kyaruzi nao redio imewatia hasira. Wanapita nyumba kwa nyumba tangu asubuhi. Wale tisa wa stendi nimewaona wawili wawili, miguu imejaa vumbi.

Ijumaa, 19 Septemba



Saa tisa alasiri, hodi. Mtu mnene, kofia ngumu ya bodaboda kichwani, haivui mpaka mlango ufungwe. Mama alimtambua kwa viatu. Mheshimiwa Rwegasira! Peke yake, sebuleni kwetu, chini ya kalenda ya msikiti.

Nikamwamkia. Akaitikia, akakaa, akashika magoti.

"Mwanangu, wewe ndiye unayesoma kesho?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Sasa, kweli ni ngapi?"

Nikaona ni mtego. "Si themanini na moja nukta nne?"

"Hiyo naijua. Mimi niliomba themanini, wao wakaongeza nukta ili ipendeze." Akajifuta jasho. "Namuuliza meneja wangu, themanini na moja. Dereva, themanini na moja. Mke wangu, mwanangu! Mke wangu naye ananiambia themanini na moja."

Nilimhurumia, sitaki kudanganya. Nikawasha kishikwambi, nikamwonyesha jumla ya wadodosaji wote. Akaisoma mara mbili. Akauliza kama vitu hivi huwa vinaharibika. Nikasema hiki ni kipya.

"Na hawa theluthi nzima, kwa nini hawasemi?"

"Mwenyekiti alikuwa amesimama nyuma yangu, Mheshimiwa."

Mama, kutoka jikoni: "Mimi ningekwambia bure."

Mheshimiwa hakucheka. Alimuuliza mama ni nini hasa watu wanataka. Mama akamwambia, kwa Kihaya, kwa dakika ishirini. Kliniki isiyo na dawa, bei ya kahawa, barabara. Alisikiliza yote. Nadhani ni mara ya kwanza katika miaka mitano.

Mlangoni akavaa kofia yake. Akasema kesho nisome ile ya redio, bango limeshachapwa. Ila hii nyingine nimtumie kwenye simu yake, asione mtu.

Mama kaniuliza: utasoma? Nimekwenda kufua.

Jumamosi, 20 Septemba

Ukumbini. Naandikia mapajani. Kumejaa, ngoma, fulana mpya. Wapiga debe wamerudi kwa leo tu. Mheshimiwa yuko jukwaani, hanitazami.

Johnson kanipa kadi yenye mstari mmoja wa kusoma.

Dada mwandishi wa habari kakaa pembeni yangu, Violeth, kutoka redio nyingine. Kauliza mmehoji watu wangapi. Kadi haisemi. Nimemwambia: mia sita na kumi na wawili. Kauliza wangapi hawakujibu. Nimemwambia. Kaacha kuandika, kanitazama.

"Na anayeongoza, kwa ngapi?"

"Subiri," nimesema. Sijui kwa nini nimesema subiri.

Makofi. Namba bado haijatajwa, wanapiga makofi! Mshereheshaji kaita: "Mtaalamu wetu!" Sasa Mheshimiwa ananitazama. Uso wa mtu anayesubiri kung'olewa jino.

Wameniita mara ya pili. Johnson yuko chini ya meza anatafuta kadi; nimemwambia imedondoka. Nimeikalia.