Tikiti la Saba Liko Chini ya Kitanda Changu

Mpendwa Shangazi Hedvig,

Nakuita shangazi kwa kuwa gazeti linataka hivyo, ingawa huenda nimekuzidi umri. Naomba uniokoe kabla ya harusi ya tarehe ishirini. Mimi ni Bagi Vendel, miaka sabini na saba, unisamehe mwandiko, shule niliiachia darasa la nne, lakini hapa Békés hakuna asiyejua kwamba tikiti maji nikiligonga kwa kidole naujua moyo wake, bichi hulia ting, lililoiva hulia bum, na lenye uwazi ndani hulia kama mto wa kulalia. Miaka hamsini sijamkatia mteja kabari ya kuonja hata moja. Anayetoboa tikiti ndipo ajue limeiva, huyo si mtu wa matikiti, huyo ni panya.

Sasa mjukuu wangu Boglárka, niliyemlea mwenyewe, kapata mchumba, Zsombor, mwembamba kama kijiti cha nyanya, kazi yake iko kwenye kituo cha kutazamia nyota kule milima ya Mátra, na Jumapili aliyokuja kujitambulisha, supu ya kuku hata haijaisha, nikamuuliza anafanya nini hasa, akasema, “Babu, nachunguza tumbo la nyota.”

“Umeigonga lini?”

“Siigongi, babu. Inajigonga yenyewe. Juu yake inachemka kama sufuria, basi yote inatetemeka kama kengele. Yenye moyo uliozeeka hutetemeka tofauti na changa.”

“Na unaisikia toka huku?”

“Siisikii, naiona. Mwanga wake unazidi na kupungua, kidogo sana.”

Nilicheka mpaka tambi ikanipitia puani, kisha, kwa kuwa pombe ya plamu ilikuwa imeshanipanda, nikaapa mbele ya jirani yangu Döme na meza nzima kwamba siku mtu asiyegusa atakaponishinda kuujua moyo wa kitu, nitanyoa masharubu yangu, nayo ninayo tangu jeshini, Shangazi, hata marehemu mke wangu hakuwahi kuniona bila hayo.

Yule kijana akaomba kioo kidogo cha Boglárka, akawa anakibandika kwa donge la unga juu ya kila tikiti, kumi niliyoyapanga juani, mwanga wa kioo ukaangukia ukuta wa ghala, yeye akakaa ng'ambo ya ua na daftari. Mimi nagonga, yeye anatazama ule mwanga unavyocheza ukutani. Sita ya kwanza tulikubaliana neno kwa neno. La saba nikasema, “Hili ni sukari tupu!” Yeye akasema taratibu, “Babu, nadhani hili lina uwazi.”

Döme akachomoa kisu. “Tukate kabari tu, Vendel, kadogo!”

Nikalilalia lile tikiti kwa kifua. “Kwenye ua wangu? Labda unikate mimi kwanza!”

Basi halikukatwa. Nimelificha chini ya kitanda, leo siku ya kumi na moja, na limeanza kutoa maji. Boglárka anasema, “Babu, ama ulikate ama umtake radhi Zsombor, la sivyo nitaingia kanisani peke yangu.” Nikilikata nimevunja sheria yangu, nisipolikata nampoteza mtoto.

Na hili usilichape kwa herufi kubwa. Lile la saba nilipoligonga sikusikia kitu. Wala ting wala bum. Tangu masika sikio la kulia limekufa, nimekuwa nikigeuza la kushoto na kubahatisha. Mtu wa matikiti asiye na masikio ni nini, Shangazi?

Bagi Vendel, bingwa

*

Mzee Vendel,

Umeandika kurasa nne za masharubu na mistari mitano ya ugonjwa wako. Mimi naanza na mistari mitano. Kesho asubuhi nenda kwa daktari wa masikio. Si Jumatatu, si baada ya mavuno. Kesho. Pole, najua linauma, lakini kubahatisha huku unajiita bingwa ni kumwuzia mteja kabari ya maneno.

Sasa huyo kijiti cha nyanya. Döme alichomoa kisu. Zsombor je? Alikuwa na ushindi mkononi, mkato mmoja tu, akanyamaza. Hujajiuliza kwa nini? Nyota haikatwi kabari, mzee. Huyo ndiye mtu pekee mezani pako anayeishi kwa sheria yako, na wewe ukamcheka mpaka tambi puani! Na kama alikuona ukigeuza sikio la kushoto, siri yako hakumwambia mtu.

Kwa hiyo fanya hivi. Hilo tikiti litoe leo, zima, likabidhi kwa nguruwe. Wao hawana maneno. Matokeo yake unayajua tayari, kijana ameshinda, chini ya kitanda chako kuna dimbwi. Kisha mwite Zsombor, mtake radhi ukiwa umesimama, na umwombe alete kile kioo. Kidole chako, macho yake. Msimu huu mfanye kazi hivyo.

Masharubu unanyoa. Uliapa. Yataota tena kabla ya Krismasi, masikio hayaoti.

Na tarehe ishirini, Boglárka akushike mkono wa kushoto. Mlangoni mwa kanisa atataka kukunong'oneza neno, na hilo usilibahatishe.

Shangazi Hedvig