Mkono Juu ya Kifua

Runyenjes, Embu
Jumamosi, tarehe 9 Februari 1957

Kwa rafiki yangu mheshimiwa, Bwana Burale, Meru mjini,

Natanguliza salamu zangu za heshima kwako, kwa Mama Faadumo, na kwa wote wanaokula katika sinia lenu. Natumaini barua hii itawakuta wazima, na kwamba lile goti lako lililokuwa likikusumbua wakati wa baridi limepata nafuu. Mimi, kwa rehema za Mungu, sijambo. Kifua hunibana kidogo alfajiri, ukungu unaposhuka kutoka mlimani, lakini uji wa moto hukituliza.

Nimeipokea barua yako kwa mkono wa dereva wako, Isaack. Niliisoma nikiwa nimesimama, kisha nikaketi nikaisoma tena. Unasema kwamba siku lori lilipotarajiwa, Mama Faadumo alimpaka Kathambi mafuta na kumsuka, na mtoto akakaa kwenye ngazi ya duka lako tangu mchana. Isaack aliposhuka peke yake, mtoto aliuliza kama mama yake amesahauliwa nyuma, chini ya ngozi za mbuzi. Nawe unaniuliza, kwa adabu yako ya siku zote, ni mama wa namna gani anayekataa kumfuata mwanawe hali amewekewa nafasi garini. Unayo haki ya kuuliza. Tangu bibi yake mtoto huyo, aliyekuwa akimlea huko Meru, alipofariki umemlisha na kumlaza kama wa kwako, wala hakuna aliyekulazimisha.

Karwirwa, mama yake, ni jirani yangu. Mlango wake unatazamana na wangu hapa kijijini, ndani ya handaki ambalo serikali imetuzungushia tangu hali ya hatari ianze. Mumewe yumo kizuizini. Nawe wajua kwamba sisi watu wa Embu na Meru hatusafiri bila kibali, na siku hizi mtu asiye na cheti cha uaminifu hupata kibali kwa taabu sana. Kamati humwita mtu, humwuliza maswali, nayo huamua kama ni raia mwema au siye. Karwirwa alipopata habari kwamba jina lake litaitwa, alinijia akiwa na wanawake wengine wawili, Ciakuthii na mkwewe, wakaniomba niwatayarishe. Walisema kwamba mimi nilisomeshwa na misheni, kwa hiyo lazima najua Wazungu hupenda kuuliza nini.

Kwa kweli sikujua. Lakini ni vigumu kwa mwalimu mzee kusema neno hilo mbele ya watu waliomwamkia kwa heshima. Nilifungua sanduku langu la vitabu, nikaanza kuchagua. Kulikuwa na kitabu cha shule cha wafalme wa Uingereza, kilicholiwa na mchwa ukingoni. Kulikuwa na maagizo ya bwana shamba juu ya matuta na samadi. Kulikuwa na katekisimu yangu. Mwishowe kulikuwa na kijitabu chembamba cha wajibu wa raia mwema, kilichogawiwa barazani, ambacho wengi walikitumia kuwashia moto.

Tulianza na wafalme. Karwirwa aliniuliza kama yule mfalme mwenye wake sita alilipa mahari ya wote, na kama ndiyo, mbuzi hao wote walilishwa wapi. Ciakuthii akamjibu kwamba ndiyo maana wakaja kutafuta malisho huku kwetu. Wakacheka mpaka nikawaomba wanyamaze, maana homgadi, mlinzi wa langoni, alikuwa amegeuza shingo. Nikakifunga kitabu kile. Maagizo ya bwana shamba nayo waliyakataa. Walisema asubuhi yote wanachimba hayo matuta kwa amri; hawana haja ya kuyasoma tena mchana. Basi nikashika kijitabu cha raia mwema, na kwa kuwa kilikuwa na maneno marefu ya serikali, nikakivunjavunja nikakipanga kwa maswali na majibu, kama katekisimu.

Hapo ndipo nilipokosea, na ninakuomba unisikilize kwa uvumilivu. Maisha yangu yote nimewafundisha watu wa kipaimara kwa namna moja. Mtu husimama wima, huweka mkono wa kuume juu ya kifua, hufumba macho ili maneno yasimponyoke, kisha hujibu bila kupunguza wala kuongeza. Raia mwema ni nani? Raia mwema ni mtu atiiye sheria, apendaye amani, afanyaye kazi kwa bidii. Walikuwa wakijibu pamoja huku wakipukuchua maharagwe ya njahi uani kwangu, kisha mmoja mmoja. Karwirwa ndiye aliyekuwa hodari kuliko wote. Alisema atajifunza hata kwa Kilatini ikiwa kufanya hivyo kutamrudishia mwanawe. Niliona fahari, Bwana Burale. Tangu nilipostaafu sikuwa nimeona fahari kama ile. Ndiyo sababu sikukumbuka, au sikutaka kukumbuka, kwamba kukusanya watu na kuwafundisha jambo lolote siku hizi kunahitaji ruhusa ya maandishi, nami sikuiomba.

Siku ya kamati waliingia mmoja mmoja. Wa kwanza alikuwa Ciakuthii. Alipoulizwa raia mwema ni nani, alisimama wima, akaweka mkono kifuani, akafumba macho, akajibu. Mwenyekiti, ambaye ni Mzungu mgeni hapa kwetu, alitikisa kichwa kwa kuridhika. Akaingia mkwewe, akafanya vile vile, kwa maneno yale yale. Mwenyekiti akaacha kuandika. Alipoingia Karwirwa, naye akanyoosha mgongo na kupeleka mkono kifuani, mzee mmoja wa kamati aliruka kitini akisema kwamba hicho ni kiapo cha waasi, kwamba wanawake hawa wamelishwa kiapo kwa pamoja, na kwamba yeye ameona watu wakisimama vile msituni.

Mwenyekiti akamwuliza Karwirwa ni nani aliyewafundisha maneno yale na ule mkono. Mkalimani akaligeuza swali. Karwirwa akasema, macho sakafuni, kwamba hakufundishwa na mtu. Ameyaokota mwenyewe barazani, akawafundisha wenzake. Mkalimani akayageuza na hayo. Mwenyekiti akasema kwamba wale wawili watarudi kuulizwa upya. Huyu, ambaye mumewe yuko kizuizini na ambaye amekiri kuwa ndiye mwalimu wao, hatapata cheti mpaka atakapomtaja mtu aliye nyuma yake. Karwirwa akainama kwa heshima, akatoka.

Sasa nafika mahali ambapo kalamu inanilemea. Mkalimani yule alikuwa mimi.

Nilikuwa nimeketi mkono wa kushoto wa mwenyekiti, katika koti langu la Jumapili. Kwa sababu ya miaka yangu misheni, mimi nilipewa cheti bila kuulizwa swali hata moja. Kilikuwa mfukoni, juu ya kifua changu, wakati mama huyu alipodanganya ili kuniokoa. Naye hakunitazama hata mara moja, asije akanionyesha kwa macho. Na mimi nilifanya nini? Niliutafsiri uongo wake kwa Kiingereza kizuri, bila kupunguza wala kuongeza, hata mwenyekiti akanisifu kwa ufasaha.

Hayo si yote. Isaack alipokuja na lori na kupiga honi langoni, mimi ndimi niliyetoka, kwa kuwa nina ruhusa ya kupita. Nilimwambia kwamba Karwirwa ameghairi. Neno hilo lililomfikia Mama Faadumo, likamfikia na mtoto, lilitoka kinywani mwangu. Karwirwa hajui kwamba nilisema hivyo. Yeye bado hunisalimu asubuhi, na juzi aliniletea njahi zilizopondwa na ndizi, akisema kwamba mtu anayeishi peke yake husahau kula.

Nitakueleza nilichokuwa nikikiogopa, si kwa kujitetea, bali ili usidhani niliogopa bure. Kaburi la marehemu Wawira, mke wangu, liko ng'ambo ya handaki, katika shamba letu la zamani. Mwenye cheti huruhusiwa kupita langoni kwenda kupalilia. Kila Jumapili baada ya ibada mimi huenda huko kung'oa magugu na kumweleza habari za wiki. Nilipomsikia mwenyekiti akiuliza ni nani, niliona lile lango likifungwa. Wewe ndiwe uliyempakia Wawira katika lori lako hadi hospitali wakati wengine waliogopa kutembea barabarani, ukakataa hata asante yangu. Nimekulipa kwa kukupelekea habari ya uongo juu ya mama wa mtoto unayemlea. Sijui neno la Kiswahili linalotosha kwa aibu hii, na hata katika lugha yetu nimelitafuta nikalikosa.

Kamati inakaa tena Jumatatu. Nimemwomba karani aweke jina langu mwanzo, si kama mkalimani. Nitasimama pale waliposimama wale wanawake, nitaweka mkono kifuani, nami nitawaonyesha kwamba ule mkono ni wa kipaimara na mwenye kuufundisha ni mimi. Wakikichukua cheti changu, na wakichukue. Kesho baada ya ibada nitamwambia Wawira kwamba huenda nisije kwa muda. Nikitoka huko, nitamwambia Karwirwa nililomwambia Isaack, hata kama hatanisalimu tena.

Barua hii ninamkabidhi Isaack, anayeondoka kuja huko adhuhuri hii. Anasema atapita tena hapa Alhamisi akirudi Meru. Naomba kile kiti cha mbele kiendelee kuwekwa. Ukimwona Karwirwa akishuka, tafadhali msimwulize lolote. Mpeni mtoto wake na chai. Kiti kikija kitupu, nakuomba sana, mwite Kathambi umsomee mstari huu ninaomwandikia yeye:

Mwanangu Kathambi, mama yako hakukataa kuja. Alijibu maswali yote sawasawa. Aliyeshindwa ni mwalimu wake.

Mpe Mama Faadumo pole zangu kwa hasira niliyomtia, ambayo Karwirwa hakuistahili. Nisalimie majirani wa dukani na wanaoniulizia. Mungu awalinde nyumbani na barabarani.

Wako niliyekukosea,

Elphas Njoka